TanzLII kwa mwenye rufaa: hukumu utazipata, uhai wake ukague mwenyewe

Kwa anayeandaa rufaa Tanzania, TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za nchi, ndiyo maktaba ya kwanza kufunguliwa, na inastahili nafasi hiyo. Ni bure, haidai ujisajili, na hukumu za Mahakama ya Rufani za miaka ya karibuni zinaonekana humo bila kungoja vitabu vya Tanzania Law Reports (TLR) vichapwe. Udhaifu wake mkubwa uko kwingine: inakupa uamuzi bila kukuambia kama kanuni ambayo uamuzi huo uliisimamia bado iko vilevile.

Tuanze na utafutaji, maana hapo ndipo wengi wanapoishia kusema “haina kitu”. Hukumu nyingi zimeandikwa Kiingereza, hata baada ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama. Ukiandika “cheti cha ucheleweshaji” utapata machache. Andika “certificate of delay” ndani ya alama za nukuu, kisha chuja kwa mahakama na mwaka. Bila alama za nukuu mtambo unatawanya maneno na kukuletea kila hukumu yenye neno mojawapo. Majina ya wadaawa nayo yana vituko vyake: katika jinai, upande wa mashtaka mara ni Jamhuri, mara ni Mkurugenzi wa Mashtaka, kwa hiyo tafuta kwa jina la upande wa pili. Namba ya shauri pekee haitoshi pia, kwa sababu kila mwaka na kila aina ya shauri ina namba zake, “Na. 66” bila mwaka na bila kusema ni rufaa ya madai au maombi ni kupoteza muda.

Halafu kuna hukumu za zamani. Nyingi ni nakala zilizopigwa skana, na maandishi yakisomwa vibaya na kompyuta, neno unalolitafuta linaweza kuwa limo kwenye ukurasa na mtambo usilione. Ukijua jina la shauri, tafuta kwa jina, usitegemee maneno ya ndani. Mahakama ya Rufani ilianzishwa mwaka 1979. Usitarajie kila kitu tangu hapo kiwe mtandaoni.

Sasa penye uzito. Chukua suala linaloangusha warufani wengi, yaani muda wa kufungua rufaa ya madai. Chini ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009, notisi ya rufaa inawasilishwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi (Kanuni ya 83), mjibu rufaa anapewa nakala ndani ya siku 14 (Kanuni ya 84), na rufaa yenyewe inafunguliwa ndani ya siku 60 tangu notisi (Kanuni ya 90). Siku zinazotumika kuandaa nakala za mwenendo hazihesabiwi, ila kwa masharti: barua ya kuomba nakala iandikwe ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na mjibu rufaa apewe nakala ya barua hiyo. Msajili ndiye anayetoa cheti cha ucheleweshaji, kinachothibitisha siku hizo. Tarehe moja ikikosewa kwenye cheti, pingamizi la awali liko mlangoni.

Ukitafuta TanzLII kama mrufani analazimika kumkumbusha Msajili, utakutana na hukumu zinazoinukuu Transcontinental Forwarders dhidi ya Tanganyika Motors [1997] TLR 328: ukishaomba nakala umetimiza wajibu wako, kukumbusha ni hiari. Inapendeza kuisoma. Lakini mwaka 2019 kanuni zilirekebishwa, na Kanuni ya 90(5) sasa inampa Msajili siku 90 kuandaa nakala. Asipokuita, wewe ndiye unayepaswa kuzifuata ndani ya siku 14 baada ya hizo 90 kwisha. Ukurasa wa hukumu ya zamani hauna alama nyekundu ya kukuonya. Vivyo hivyo kwa kibali cha kukata rufaa: kuna lundo la hukumu zinazoondosha rufaa kwa kukosa kibali chini ya kifungu cha 5(1)(c) cha Sheria ya Mamlaka ya Rufani, ilhali sharti hilo liliondolewa mwaka 2023. (Cheti cha hoja ya kisheria kwa mashauri yaliyoanzia mahakama ya mwanzo ni jambo jingine, usivichanganye.)

Kinga ni kufungua orodha ya hukumu zilizonukuu ile uliyonayo, uipange kwa tarehe na kuanzia juu. Maamuzi mawili ya Mahakama ya Rufani yakigongana, la karibuni ndilo linalofuatwa, isipokuwa jopo kamili limeshalimaliza suala. Kisha fungua kanuni yenyewe kwenye sehemu ya sheria. Hapo nako kuwe na tahadhari: Toleo la sheria lililorekebishwa la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, lilibadili namba za vifungu katika sheria kadhaa, kwa hiyo kifungu kilichotajwa kwenye hukumu ya 2018 huenda leo kina namba nyingine.

Kuhusu kunukuu: namba ya TZCA, ile ambayo hukumu ya Mahakama ya Rufani hupewa humo, inatambulisha hukumu, haihesabu kazi ya mahakama. Mwaka 2023 namba hizo zilipita 17,000, na hakuna mahakama ya rufani yenye kasi hiyo. Andika majina, aina na namba ya shauri, kisha TZCA. Pakua PDF badala ya kunakili maandishi ya ukurasani, kwa sababu hukumu hizi kwa kawaida hazina aya zenye namba na jaji atataka ukurasa. Muhtasari unaotangulia baadhi ya hukumu ni wa kukusaidia kuamua kama usome, basi. Haukuambii kama rufaa iliondoshwa (struck out) au ilitupwa (dismissed), au unakuambia kwa haraka mno, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama unaweza kurudi tena mahakamani kwa kuomba kuongezewa muda.

Kwa utafutaji, nyota nne kati ya tano. Kwa uhakiki wa uhai wa uamuzi, mbili, na hizo mbili ni za ile orodha ya nukuu. Asiye na wakili aanzie kwenye sehemu ya sheria: Fomu D ya notisi ya rufaa ya madai imo katika Jedwali la Kwanza la Kanuni, na inawasilishwa kwa Msajili wa Mahakama Kuu.