Variateri kwenye freza ya zamani: miezi saba ya kazi, Katuba

Freza yangu, mashine ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka, niliinunua kwa mzee aliyekuwa anafunga karakana yake hapa Lubumbashi. Ni chuma kizito na meza yake bado imenyooka, ila mota ni ya fezi tatu, na katika parseli yetu kunaingia fezi moja tu, volti 220. Mafundi wawili walinishauri niitoe mota hiyo nifunge ya fezi moja yenye kondensa. Nashukuru sikuwasikiliza. Nilinunua variateri, kifaa kinachogeuza fezi moja kuwa tatu na kubadilisha kasi ya mota. Ni ya kilowati 2.2, kwa dola 160, kwa mota ya kilowati 1.5, na kama ingeharibika leo ningenunua nyingine kesho.

Mwanzo ulinitesa. Muuzaji aliniambia nifunge waya tatu tu, ndani ya mota nisiguse kitu. Mota ikazunguka vizuri, kimya kabisa, lakini kisu kilipogusa chuma tu ikasimama. Siku mbili nzima niliamini nimeuziwa variateri mbovu. Nikaibeba mota hadi kwa papa mmoja anayebobina, yaani anayesuka upya koili za mota. Alifungua kifuniko, akatazama, akaniuliza, "Mwanangu, kibati hiki umekisoma?"

Kibati, bamba dogo lenye namba za mota, kimeandikwa 220/380 V, 6.1/3.5 A. Vipande vitatu vya shaba vilikuwa vimeunganisha ncha za koili W2, U2 na V2 pamoja, yaani nyota, kwa umeme wa 380. Variateri inayoingiziwa 220 haitoi zaidi ya 220, basi kila koili ilikuwa inapata volti 127 hivi, na nguvu ya kuzungusha ikabaki kama theluthi. "Nivisimamishe wima vipande hivi, papa?" nikamuuliza. Akatikisa kichwa kukubali: U1 na W2, V1 na U2, W1 na V2. Hiyo ni pembetatu, kwa umeme wa 220. Jioni ile kisu cha milimita 12 kilikula chuma bila mota kulalamika, na mimi nikashindwa kwenda kulala. Soma kibati kabla ya kutoa pesa. Ukikuta 380/660, variateri ya namna hii haitakufaa.

Kufunga mota mahali pake kulinichukua asubuhi moja. Nilivuta uzi kwenye uso wa puli zote mbili hadi ukagusa pande zote, ndipo nikakaza bolti. Halafu nikaingiza namba za kibati kwenye variateri: 6.1 A, Hz 50, na sekunde tatu za kupanda mwendo. Mota ikizunguka kinyume, badilisha waya mbili kati ya zile tatu za kutoka, umeme ukiwa umezimwa. Na ukishazima, subiri dakika kumi kabla ya kufungua variateri, kwa sababu kondensa zake hubaki na umeme unaoweza kuua.

Raha yake ni kubadilisha mwendo kwa kidole. Kwenye Hz 25 mota inazunguka nusu ya kasi, nzuri kwa kisu kikubwa. Ila feni ya mota nayo inapunguza kasi, mota inapata joto, kwa hiyo kwa kazi ndefu ya polepole bado nahamisha mkanda kwenye puli.

Wiki ya kwanza mama jirani alikuja kuniambia radio yake inanguruma kila nikiwasha mashine. Ni kweli, variateri inatoa kelele hiyo. Niliweka kebo yenye wavu wa chuma kati ya variateri na mota, nikafunga wavu kwenye ardhi pande zote mbili, na nikazika nondo ya shaba uani, maana nyumba haikuwa na waya wa ardhi. Radio ikatulia. Mama akaniletea sahani ya bukari (ugali).

Kinachobaki ni jioni. Watu wakiwasha majiko, volti zinashuka na variateri inajizima katikati ya kazi, kisu kikiwa ndani ya chuma. Nimeshavunja visu viwili kwa namna hiyo. Siku hizi chuma kigumu nakichonga saa kumi na moja alfajiri.