Lenzi za Zamani kwa Wapiga Picha wa Lubumbashi: Ipi Inunuliwe Kwanza, Ipi Iachwe

Mpiga picha wa Lubumbashi ambaye ana kamera ya dijitali na ile lenzi ndogo ya plastiki iliyokuja nayo, na ambaye wateja wake wa arusi wanataka sura zinazong'aa mbele ya mandhari iliyolainika, hana lazima ya kusubiri mpaka apate fedha za lenzi mpya. Lenzi za chuma na kioo zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1960 na 1980 kwa ajili ya kamera za filamu bado zinafanya kazi hiyo kwa bei ndogo, nami ninazipendekeza kwa moyo wote, mradi mnunuzi akague kioo kabla ya kusoma jina. Lenzi ya jina la kawaida yenye kioo safi ni bora kuliko lenzi mashuhuri iliyoliwa na kuvu.

Jambo la kwanza ni kamera uliyo nayo. Kila aina ya kamera ina umbali wake kati ya mdomo unaoshika lenzi na kihisi cha picha, na lenzi hukubali tu pale umbali huo unapolingana na ule iliyotengenezewa, au unapokuwa mfupi zaidi ili adapta, yaani pete ya kuunganishia, ijaze nafasi. Lenzi za skrubu za M42 zinahitaji milimita 45.46. Canon EOS zenye kioo cha ndani kinachoakisi picha (DSLR) zina milimita 44, kwa hiyo adapta nyembamba inatosha. Nikon za aina hiyo zina milimita 46.5, kwa hiyo lenzi hiyohiyo haitaweza kuona vitu vya mbali kwa ukali, isipokuwa kwa adapta yenye kioo cha ziada, ambacho mara nyingi huharibu picha. Kamera zisizo na kioo hicho cha ndani (mirrorless), kama zile za Sony zenye milimita 18 tu, hupokea karibu kila lenzi ya zamani, lakini lazima uziruhusu kwenye menyu kupiga picha bila kutambua lenzi.

Kwa mwenye Canon au kamera isiyo na kioo cha ndani, naiweka ya kwanza Super-Takumar ya milimita 55 yenye f/1.8 (namba ya uwazi: ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi huingia), iliyotengenezwa Japani na kampuni ya Asahi. Pete yake ya fokasi huzunguka kwa ulaini ambao lenzi nyingi za leo hazina, na ina swichi ya kuiweka diafragma, yaani vibamba vinavyofungua na kufunga njia ya mwanga, katika hali ya mkono, jambo la lazima unapotumia adapta. Usishangae ukiona kioo chake kina rangi ya chai: baadhi ya matoleo yalitengenezwa kwa kioo chenye thori, madini yenye mnururisho hafifu, na kioo hicho hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita. Mwanga wa jua huondoa sehemu kubwa ya rangi hiyo ukikiweka dirishani kwa siku kadhaa, lakini usiiache lenzi bila mtu karibu, kwa sababu inaweza kukusanya miale na kuwasha moto. Wala usimruhusu fundi kusaga au kuchonga kioo cha namna hiyo.

Kwa mwenye Nikon, ya kwanza ni Nikkor ya milimita 50 yenye f/1.8 ya aina ya AI (mfumo wa Nikon wa kuijulisha kamera uwazi wa lenzi, ulioanza mwaka 1977), kwa sababu inaingia moja kwa moja bila adapta. Kamera ndogo za mfululizo wa D3000 hazitakupimia mwanga kupitia lenzi hiyo, nawe utalazimika kurekebisha kwa mkono. D7000 na zilizo juu yake hupima, isipokuwa D7500. Nikkor za kabla ya 1977 ambazo hazikurekebishwa zisilazimishwe kuingia kwenye D7000, kwani zinaweza kuvunja kidole kidogo kilichopo mdomoni mwa kamera.

Ya pili kwangu ni Helios 44-2 ya milimita 58 yenye f/2, ambayo Umoja wa Kisovieti uliitengeneza kwa kufuata mchoro wa Biotar, lenzi ya kampuni ya Zeiss ya Ujerumani. Wengi huitafuta kwa sababu ya mandhari yake inayozunguka kama kimbunga nyuma ya mtu. Mzunguko huo haujitokezi kila mahali: unahitaji majani mengi yenye mwanga katikati, kama ya miti yetu ya jakaranda, yawe mita kadhaa nyuma ya mtu aliye karibu nawe, na diafragma iwe wazi kabisa. Kwenye kamera yenye kihisi kidogo utaona sehemu ndogo tu, kwa kuwa kingo za picha, ambako mzunguko una nguvu, zinakatwa. Utofauti wake wa mwanga na kivuli ni mdogo, na hilo, kwa maoni yangu, ni faida mbele ya kanisa saa sita mchana, pale gauni jeupe na ngozi nyeusi vinapokaa katika picha moja. Hata hivyo nunua kinga ya jua ya kuvisha mbele ya lenzi. Epuka Helios 44M-4 ikiwa adapta yako haibonyezi kipini cha nyuma ya lenzi kinachofunga diafragma, maana haina swichi, na itabaki wazi daima.

Pentacon ya milimita 50 yenye f/1.8, kutoka iliyokuwa Ujerumani Mashariki, ni ya tatu: inakaribia kitu hadi sentimita 33, lakini vibamba vya diafragma yake hukwama mara nyingi. Canon FD, lenzi za kamera za Canon za filamu za zamani, ni nzuri na rahisi kwa wenye kamera zisizo na kioo cha ndani tu. Umbali wake wa milimita 42 unaifanya isifae kwa Canon EOS zenye kioo cha ndani. Zumu (lenzi za kukuza) za zamani za milimita 70–210 ziache.

Ukaguzi wenyewe unahitaji tochi ya simu na subira. Mulika kutoka nyuma ya lenzi huku ukiinamisha pole pole: chembe chache za vumbi si kitu, lakini nyuzi zinazotawanyika kama mizizi ni kuvu, na weupe sawasawa ni ukungu unaofifisha picha yote. Zungusha diafragma uone kama vibamba vina mafuta. Zungusha fokasi karibu na sikio. Sauti ya mkwaruzo ndani ni vumbi la kiangazi lililochanganyika na grisi. Halafu nenda na kamera yako mahali ambapo unaliona bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, likiwa dhidi ya mbingu angavu, ulipige kwa uwazi mkubwa zaidi, na ukuze picha: ukingo wa zambarau hupungua ukifunga hadi f/4, lakini ukungu haupungui. Muuzaji anayekataa jaribio hilo, mwachie lenzi yake.

Lenzi yenye kuvu isikae katika mfuko mmoja na nyingine, na wakati wa mvua, kuanzia karibu Novemba hadi Aprili, weka zote katika kopo linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika vinavyofyonza unyevu, nje ya mikoba ya ngozi inayohifadhi unyevu.