Kiesperanto kwa kijana wa ufukweni Malindi: nyota nne kati ya tano

Kwanza tumalize la pesa, maana ndilo wenzangu waliloniuliza: mteja hata mmoja sijampata kwa Kiesperanto, lugha ya kutungwa niliyojifunza. Malindi anayetaka hela ajifunze Kiitaliano. Mimi ninacho, cha kuokota ufukweni. Bei napatana, safari ya matumbawe naieleza, lakini nilipoulizwa ya jana vitenzi vilinikimbia.

Nimesoma kwenye tovuti ya lernu.net, kwa simu, bure, maelezo nikiyafuata kwa Kiingereza. Lugha hii aliitunga Zamenhof, daktari wa macho, akaitoa Warsaw mwaka 1887, na Mswahili anaianza akiwa mbele. Irabu ni zetu zilezile tano, mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kitenzi hakina ukaidi: ya sasa ni -as, iliyopita -is, ijayo -os, awe ni mimi, wewe au wao. Na viambishi ndivyo vilivyonimaliza. Chukua san, mzizi wa afya njema. Tia mal mbele kugeuza maana, kisha ul ya mtu, ej ya mahali, funga na o ya nomino: malsanulejo, hospitali. Tuliochambuliwa "hawakupigana" ubaoni hadi kengele ikalia, hapa tuko nyumbani.

Faida kubwa kwangu ni woga kuisha. Nilimaliza hadithi fupi bila kumuuliza mtu, nikarudi kwenye kitabu cha sarufi ya Kiitaliano nilichokuwa nimekitupa kabatini. Mizizi mingi ya Kiesperanto ni ya Kilatini, kama ya Kiitaliano, basi fenestro (dirisha), pano (mkate) na mano (mkono) zilinipokea kama jamaa. Sasa ya jana naisimulia, taratibu.

Kuna pia Pasporta Servo, mtandao wa wasemaji wanaolazana majumbani bila malipo. Na si mambo ya Ulaya tu: kongamano lao la dunia lilifanyika Arusha Agosti 2024, mara ya kwanza Afrika.

Nyota moja naikata kwa ile -n ya yambwa (mtendwa), unayoisahau kila sentensi, na herufi zenye kofia kama ĉ na ĝ, zinazosumbua kuandika kwa simu. Dada yangu angekata mbili. Alipoona mama, patrino, anatokana na baba, patro, alisema huyo daktari hakulelewa na nyanya.

Mwenye mtihani wa kidato cha nne asubiri. Lakini kusi likivuma, wageni hakuna na bando lipo, anza.