Raleigh ya bomba 531 na gia za kisasa: tuipime kabla ya kuisifia

Assalaam aleykum, na habari za saa hizi wadau. Hii hapa. Ile baiskeli niliyowaahidi tangu masika, wengine mkaanza kunitania kwamba nimeiuza. Ngoja nisogee kidogo, jua linapiga kwenye kioo. Haya, sasa mnaiona? Kwa mtu aliyesimama mbali ni Raleigh ya kizamani tu, mabomba membamba, rangi imechunika hapa ubavuni. Juzi pale Raskazone mzee mmoja kanisimamisha, kaipapasa fremu, akasema, "Hii ndiyo baiskeli mwanangu, siyo hayo mabomba yenu manene kama mihogo." Halafu akainama akaangalia nyuma, akanyamaza. Nyuma kuna kaseti, yaani rundo la spoketi, ya gia 8, na gia zenyewe unazibadilisha kwa kidole hapahapa ulipoishika breki. Akaniuliza, "Sasa umeitia nini tena?"

Leo namjibu yeye na ninyi. Nimeshaitembeza kilomita 900 na ushei, nyingi zikiwa za Jumamosi alfajiri, Tanga hadi Muheza na kurudi. Kwa hiyo nitakayosema nimeyaonja mwenyewe.

Nianze na fremu, maana bila hiyo hakuna cha kuzungumza. Ilishuka na mzigo wa mitumba kutoka Uingereza. Nilitoa shilingi 250,000, na muuzaji alinicheka kabisa, maana pembeni yake palikuwa na mauntini baiki zinazong'aa kwa bei hiyohiyo. Mimi nilichoona ni hii stika, imefifia lakini inasomeka: Reynolds 531. Reynolds ni watengeneza mabomba wa Birmingham, na 531 walianza kuiuza mwaka 1935. Ni chuma chenye manganizi na molibdenamu, kigumu kiasi kwamba bomba linaweza kuwa jembamba katikati na nene miishoni kwenye maungio. Ndiyo maana ukiigonga kwa kucha inalia hivi. Mmesikia? Sasa gonga baiskeli ya kubebea mkaa uone.

Ila stika hubandikwa na yeyote. Kisichodanganya ni kipimo cha nguzo ya kiti. Hii imepigwa muhuri milimita 27.2, na fremu za Kiingereza za 531 nzuri ndipo zilipo hapo. Ukikuta nguzo ya 25.4 kwenye fremu yenye stika ya kifahari, mwachie mwenyewe stika yake. Kuitoa hiyo nguzo sasa! Chumvi ya bahari yetu mnaijua. Aluminiamu ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya chuma siku tatu, mafuta ya kupenyeza asubuhi na jioni, hadi nikaibana nguzo kwenye jiliwa na kuizungusha fremu nzima kama usukani wa jahazi.

Kabla hamjaanza kuniandikia: hapana, hii siyo Raleigh iliyoshinda Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa. Mholanzi Joop Zoetemelk alishinda mwaka 1980 akiwa na timu ya TI-Raleigh, na baiskeli zile zilijengwa kwenye karakana yao maalumu ya Ilkeston, kwa bomba jepesi zaidi, 753. Yangu ni ndugu wa kijijini. Nampenda hivyohivyo.

Sasa tuingie jikoni. Watu wakitaka kufufua baiskeli ya aina hii huanza kuuliza, "Niweke seti gani ya gia?" Hilo ni swali la mwisho jamani. Kwanza chukua rula, upime nafasi kati ya masikio ya nyuma, pale habu, kile kitovu cha gurudumu, inapokaa. Yangu ilikuwa milimita 126, kwa sababu enzi hizo nyuma palikuwa na friwili, rundo la spoketi la kizamani, la gia 6 au 7. Habu za kisasa za breki za ringi ni 130. Milimita 4 tu. Kwa aluminiamu au kaboni ungeishia hapo, usithubutu hata kujaribu. Chuma kinapanuka na kinabaki ulipokiacha.

Nilimpelekea fundi wangu wa Ngamiani. Ni mzee aliyezitengeneza baiskeli za nusu ya mji huu, na mnajua Tanga baiskeli ni kama viatu. Akaiangalia, akasema, "Chuma hiki hakisikii maneno mwanangu, kinasikia nyundo." Nikamwambia, mzee, shikamoo, lakini nyundo iweke chini. Tukatumia ubao wa dari wa inchi 2 kwa 4, tukasukuma upande mmoja kwanza, milimita 2, kisha upande wa pili milimita 2. Ukizivuta pande zote kwa pamoja, ule ulio dhaifu ndio utakaokubali wote, na gurudumu lako litakaa pembeni.

Kujua kama umesawazisha unahitaji uzi, huu wa kushonea tu. Funga kwenye sikio moja la nyuma, upeleke mbele, uzungushe bomba la kichwa la fremu, urudishe hadi sikio la pili. Kisha pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Zikilingana, umefaulu. Zetu zilipishana milimita 3, tukarudia, tukarudia tena, mzee akakaa kimya. Safari ya nne zikalingana. Sasa nasikia wateja anawapimia kwa uzi yeye mwenyewe, na anawaambia aliurithi kwa babu yake.

Ukishapanua, yale masikio yanatazamana upogo kidogo, na ulimi wa kuning'inizia kihamisha cheni nao unapinda. Unyooshe. Gia za zamani ulikuwa unazitafuta mwenyewe kwa sikio, unasukuma kile kimkono kwenye bomba la chini mpaka cheni inyamaze, kwa hiyo ulimi ukipinda kidogo hakuna ajuaye. Gia za kubofya, ambazo Shimano, kampuni ya Japani, walizitoa 1984, na za kwenye mikono ya breki walizozitoa 1990, hazina subira hiyo. Ulimi ukipinda, kila gia italalamika.

Cha pili ni nyumba ya kranki, hapa chini unapozunguka mhimili wa pedeli. Upana milimita 68, nyuzi 24 kwa inchi, nasema nyuzi za skrubu siyo za kushonea, ndiyo nyumba ya Kiingereza, na vikombe vya kisasa vinaingia bila ugomvi. Ukiwa na ya Kiitaliano ni milimita 70, nyuzi zake nyingine. Na kama umeokota Peugeot ya miaka ya 1970, pole, Wafaransa walikuwa na nyuzi zao wenyewe, kipenyo milimita 35. Sisemi uache. Nasema ujue kabla hujalipa. Ya kwangu ilikuwa sahihi, na bado ilitupotezea mchana mzima, kwa sababu kikombe cha upande wa cheni kwenye nyumba ya Kiingereza hufunguka kwa kugeuza kinyume. Tuliikaza ile kitu kwa saa nzima tukidhani tunafungua. Kijana muuza madafu ndiye aliyesema, "Si mjaribu huku?"

Cha tatu, breki, na hapa naomba mtulie kwa sababu ndipo wengi hutupa hela. Baiskeli ilikuja na magurudumu ya inchi 27. Ukisikia 27 unadhani ni ndogo kuliko 700, kumbe ringi ya inchi 27 ina kipenyo cha milimita 630, na 700C ni 622. Mimi niliweka 700C kwa sababu tairi zake zinapatikana, na za inchi 27 utazisaka mpaka uchoke. Lakini ringi ikipungua, ukingo wake unashuka milimita 4 mbali na breki. Nilipima kutoka kwenye tundu la boliti hadi katikati ya ukingo wa ringi unaobanwa na breki, nikapata milimita 59. Breki fupi za kisasa za baiskeli za mbio hazifiki huko. Zingegusa tairi, na hiyo ni ajali inayokusubiri mteremkoni. Nikanunua Tektro R559, zina mikono mirefu, zinafika 55 hadi 73.

Halafu kuna jambo la nati. Breki za zamani nati yake inakaa nje, ya kisasa inajificha ndani ya foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, kwa hiyo tundu la nyuma la foku linapanuliwa hadi milimita 8. La nyuma tu! La mbele liache. R559 zipo pia zenye boliti ndefu ya nati ya nje, na kama mkono wako unatetemeka ukishika drili, agiza hizo. Duka nililoagizia mimi lilinitumia aina nisiyoiomba, nikaishia kutoboa.

Seti ya gia sasa, maana najua mnaisubiri. Nimeweka Shimano Claris, R2000, gia 8 nyuma na spoketi mbili mbele, 50 na 34, kaseti ya meno 11 hadi 32. Mtaniuliza kwa nini sikuweka ya gia 11. Hela ni sababu mojawapo, lakini nilikuwa nafikiria Segera. Cheni ikinikatikia Segera, nani ana cheni ya gia 11? Cheni ya gia 8 ipo kwenye mauntini baiki za mitumba kila kona. Na kuna siri nyingine: kihamisha cheni cha nyuma cha Shimano cha mauntini baiki ya gia 7 au 8 kinavuta waya kwa kiasi kilekile cha Claris. Hiki kikivunjika, nanunua kilichotumika kwenye rundo, nafunga, naendelea na safari. Ukipanda hadi gia 11 hesabu hiyo inakufa.

Kubofya kwake... ngoja niinue gurudumu msikie. Tak. Tak. Tak. Safi, ingawa siyo laini kama ya seti ghali. Kasoro ninayoiona ni mruko kati ya spoketi za juu, meno yanapishana sana, kwa hiyo kwenye upepo wa mbele wa kutoka Pongwe unajikuta gia moja nzito mno na inayofuata nyepesi mno. Nilitegemea hivyo, na magoti yangu yameshazoea.

Waya za gia zinahitaji kituo pale zilipokuwa zile lever za zamani kwenye bomba la chini. Kuna vituo vya kufunga palepale, vina skrubu ya kurekebishia. Vidogo, bei ndogo, na ukivisahau kila kitu kinasimama. Mimi nilivisahau. Wiki mbili baiskeli ilining'inia sebuleni, mke wangu akaanza kuianikia kanga.

Usukani: foku nimeiacha na vikombe vyake vya nyuzi, nimebadilisha gololi na grisi tu. Ili nifunge shingo ya kisasa, ile inayoshika usukani, na usukani wa milimita 31.8 nilitumia adapta inayoingia ndani ya bomba la foku, ile ya 22.2. Inafanya kazi. Uzuri haina. Itazameni, inaonekana kama mtu aliyevaa kanzu na kofia ya pikipiki. Mkiitumia, ule mstari uliochorwa wa kuonyesha mwisho wa kuivuta uzamisheni wote ndani, msiuvute juu kutafuta urefu. Ningeanza upya leo, ningebaki na shingo yake ya zamani.

Barabarani ikoje? Nafasi ya breki ile ndefu imenipa zawadi: tairi za milimita 32 zinaingia bila kugusa. Chuma hiki chembamba pamoja na tairi hizo, kwenye lami iliyokwanguka, mikono haifi ganzi. Nilikuwa na baiskeli ya aluminiamu kabla ya hii, nikifika Muheza nilihitaji dakika 10 kabla ya kushika kikombe cha chai. Uzito wake ni kilo 10 na gramu 800, nimepima kwa mizani ya mchele ya jirani, kwa hiyo toa au ongeza kibaba. Kwenye mlima vijana wa kaboni wananiacha. Wangeniacha hata nikiwa juu ya kaboni.

Gharama zote, pamoja na fremu, magurudumu mapya, seti, breki, tairi na ufundi, shilingi 1,720,000. Kwa hela hiyo ungepata baiskeli ya mbio ya aluminiamu iliyotumika, ukaipanda siku hiyohiyo. Ukitaka kuanza mazoezi mwezi huu, nunua hiyo, msinifuate mimi. Na ukikuta fremu ina kutu iliyotoboa pale chini ya kranki, au masikio yaliyopasuka, hata ukipewa bure usiichukue. Lakini fremu ikiwa nzima, vipimo vitatu vikakubali, na una subira ya kukaa na mzee wa Ngamiani, basi seti ya bei nafuu inatosha kabisa. Hela kubwa iweke kwenye magurudumu na breki.

Mmemwona huyo anayepita nyuma ya kamera? Ndiye fundi mwenyewe, anadai ubao wake. Ana Raleigh yake ya posta, nyeusi, ya breki za vyuma, kaniganda wiki nzima nimwekee gia 8 na kranki kama hii. Tatizo ni kwamba nyingi za zile za kiwanda cha Raleigh cha Nottingham, nyumba ya kranki ina nyuzi 26 kwa inchi, na hivi vikombe vipya haviingii. Nimemwambia tupime kwanza. Ameshakwenda kuleta uzi.