Uzoefu wangu wa kutunza vitabu vya kidijiti kwa Calibre

Nina vitabu vya kidijiti zaidi ya 600, vingi vikiwa vya EPUB (faili za vitabu ambazo maandishi yake hujipanga kulingana na ukubwa wa skrini) na vilivyobaki ni PDF za kamusi, sarufi na makala ninazotumia kufundishia Kiswahili. Kwa miaka mingi vilitapakaa kwenye kompyuta, simu na flashi, hadi flashi moja ilipoacha kusomeka, ikapotea na makala ambazo sijazipata tena hadi leo. Ndipo nilipohamia Calibre, programu huria isiyolipiwa, iliyoanzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006.

Kilichonivutia zaidi ni mpangilio wake. Kila kitabu unachokiingiza hunakiliwa kwenye folda moja kuu, ambamo kila mwandishi ana folda yake na kila kitabu kina folda yake ndogo, yenye kitabu chenyewe, picha ya jalada na faili ya OPF inayotunza maelezo yake. Orodha nzima hukaa katika faili iitwayo metadata.db. Kwa hiyo hata programu isipokuwapo vitabu hufunguka kama kawaida, na nakala rudufu ni suala la kunakili folda hiyo moja tu.

Kazi iliyonichosha ni kusawazisha majina, kwani mwandishi mmoja nilimkuta na folda tatu kwa sababu jina lake liliandikwa kwa namna tatu. Isitoshe, programu huwapanga waandishi kwa neno la mwisho la jina, ambalo kwa waandishi wetu wengi ni jina la baba au la babu. Mipangilio inaruhusu kubadilisha utaratibu huo, na ni heri ufanye hivyo kabla ya kuingiza kitabu cha kwanza. Kugeuza PDF kuwa EPUB sikupendekezi. Kurasa za safu mbili huvurugika.

Kila Ijumaa, baada ya kuifunga programu, nanakili folda kwenye diski ya nje, na nakala nyingine iko kwa dada yangu, katika mji mwingine. Folda inayotumika siiweki kwenye hifadhi ya mtandaoni inayofunguliwa na kompyuta mbili, kwa kuwa metadata.db inaweza kuharibika. Nilipomtembelea dada, niliifungua nakala yake, nikaiondoa metadata.db kwa makusudi, kisha nikaiagiza programu iijenge upya orodha kutoka faili za OPF. Nilisubiri kwa wasiwasi dakika chache, na vitabu vyote vikarudi na majina na lebo zake.