Huduma ya mapadre wa jeshi, kwa jicho la mke wa askari

Kwa miaka sita tuliyoishi katika nyumba za kambi, nimeitegemea huduma ya mapadre Wakatoliki wa jeshi la Kenya kuliko parokia yoyote niliyowahi kusali. Wakatoliki walio jeshini wana jimbo lao la kijeshi, ambalo kwa katiba ya Papa Yohane Paulo II ya mwaka 1986 linahesabiwa kama majimbo mengine, na mamlaka ya askofu wake humfuata askari pamoja na familia yake popote anapohamishiwa. Faida yake niliiona mume wangu alipokuwa Somalia: padre alikuja jioni akiwa na magwanda yake, akaketi jikoni nikichambua sukuma wiki, wala hakukimbilia kuhubiri, aliuliza kwanza kama watoto wanalala vizuri.

Kasoro ni uhamisho. Padre naye ni ofisa, huhamishwa kama wengine, na safari moja tulikaa miezi minne tukipata Misa kwa kubahatisha, huku mafundisho ya kipaimara ya binti yetu yakisimama. Aliyeyafufua ni mke wa sajini mmoja, aliyewakusanya watoto barazani kwake kila Jumamosi.