Uzoefu wangu na Tausi, farasi mstaafu wa mbio pale Usa River

Nina miezi 7 sasa napanda farasi kwenye zizi moja huku Usa River, karibu na Arusha, na karibu muda wote huo nimekua na farasi mmoja tu, jike la kahawia anaitwa Tausi. Kazini wananiuliza sana kama hizo hela zinastahili, shilingi 70,000 kwa saa, na kama kweli farasi aliyetoka kwenye mbio anafaa kwa mtu wa kawaida. Kwangu mimi jibu ni ndio, ila kuna mambo ningeambiwa mapema ningeshukuru sana.

Tausi alikua anakimbia Nairobi, uwanja wa Ngong, ule wa tangu 1954, alafu alivyostaafu akaletwa huku kwa lori kupitia Namanga. Ni thorobredi, ile mbegu ya mbio, miguu mirefu myembamba na ngozi laini mpaka mishipa unaiona inapita chini yake. Siku ya kwanza hakuna aliyeniambia hayo. Nikapandishwa tu, tukaambiwa twendeni shambani kwenye kahawa, na hapo ndipo nawalaumu hao wenye zizi mpaka leo.

Sasa tunatoka, nyuma yetu mtu akabamiza geti la chuma, paah! Aisee Tausi aliondoka kama jiwe limetoka kwenye manati. Mimi nikavuta hatamu, zile kamba za kumwongozea, kwa nguvu zote, na kadri nilivyovuta ndivyo alivyozidi kukimbia, kahawa zinapita pembeni sizioni vizuri, nasikia tu saisi, mtunza farasi wao, nyuma anapiga kelele "Binti achia! Usivute, achia!" Nikaachia kidogo, nikamzungusha taratibu kulia, duara kubwa alafu dogo, akasimama, jasho linamtoka shingoni na mimi natetemeka mikono.

Yule saisi ni mzee wa Kimeru, kafanya kazi na farasi maisha yake yote, ndiye aliyenielewesha. Kule kwenye mbio farasi wanafungiwa kwenye vyumba vya chuma, milango ikifunguka kwa kishindo ndio wanatoka, kwa hiyo lile geti lilimwambia kazi imeanza. Na hatamu, joki, yule mpanda farasi wa mbio, anazikaza na farasi anaegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, ndio anakimbia, kwa hiyo mimi kuvuta kumbe namwambia ongeza. Hata miguu yangu ilikua inamsumbua, sababu joki anaweka vikuku, vile vyuma vya kukanyagia, vifupi magoti yanakua juu, Tausi hajazoea mtu anayemkumbatia mbavuni kwa miguu yote miwili. Na kusimama umpande pia hajui, kule joki anarushwa juu farasi akiwa anatembea.

Nikamuuliza, "Mzee, sasa nifanyeje?" Akasema, "Mwanangu, shuka kwanza mjuane."

Basi wiki 3 nzima sikupanda. Nalipa nusu bei, nafika Jumamosi asubuhi Mlima Meru ukiwa wazi bado, namsugua na brashi, nampeleka kwa kamba kuzunguka shamba, alafu nakaa juu ya ndoo pembeni yake wakati anakula majani makavu. Majani lazima apewe kabla ya tandiko, farasi wa mbio wengi wanakua na vidonda vya tumbo, na Tausi ukikaza mkanda wa tandiko tumbo likiwa tupu anageuza shingo anang'ata hewa. Wiki ya kwanza alikua ananipa makalio tu. Ya pili nikaona sikio moja linanifuata kila nikisogea. Ya tatu nimekaa kwenye ndoo yangu kimya, akashusha kichwa, akalamba midomo, akatoa pumzi moja ndefu ya moto mpaka kola ya shati ikalowa, alafu akaacha kidevu chake begani kwangu. Kizito jamani! Nililia, sioni aibu kusema.

Sasa hivi nikitaka asimame sivuti, nakaa chini kwenye tandiko natoa pumzi, na yeye anapunguza mwenyewe. Geti tumelifanyia mazoezi pia, saisi analifunga kwa kishindo mimi nampa karoti, tumefanya hivyo mpaka masika yakaisha, saizi anageuza tu masikio.

Kwa anayetaka kuja, helmeti zao zimechoka, nunua yako. Vaa suruali ndefu. Saa za jioni sana hawakupi, na wako sahihi, usubi, wale wadudu wadogo wanaouma, wakianza kutoka farasi wanaingizwa bandani sababu ndio wanaoleta ule ugonjwa unaoua farasi Afrika. Na uliza farasi wako katoka wapi kabla hujaweka mguu kwenye kikuku.

Mimi nimeshalipia Jumamosi zote mpaka Desemba, na nimeomba Tausi asipewe mgeni yeyote asiyeambiwa habari ya hatamu. Wamekubali, jina lake wameliandika ubaoni pale getini.